MGB au MX-5: Jibu Langu kwa Mwenzetu

Wiki tatu zilizopita mwenzetu mmoja, mgeni wa mwaka wa kwanza wa uzamivu, aliuliza swali kwenye kundi letu la WhatsApp. Ana pauni 6,000 alizozidunduliza mwaka mzima, na anataka gari la kufunua paa. Ameona mawili. La kwanza ni MGB ya mwaka 1973, ya kijani, bampa za kromu, ipo kijijini karibu na Harrogate, na mwenyewe ni mzee aliyeilea kama mjukuu. La pili ni Mazda MX-5 ya mwaka 2009, ya kijivu, imetembea maili 71,000, ipo Bradford. "Wakubwa zangu," akaandika, "nichukue lipi?"

Kundi ambalo tangu Idi lilikuwa limelala liliamka. Hata watu wasiojibu tangazo la mkutano mkuu walikuwa na maoni. Wengi walisema achukue MGB, kwa sababu ujana hauji mara mbili. Wachache wenye watoto walimwambia anunue Yaris aache upuuzi. Kuna mmoja alituma picha ya punda wa Lamu, akaandika kwamba huyu ndiye wa wazi kuliko wote na hahitaji bima. Mimi nilinyamaza. Mhariri wetu, anayenijua, akaniandikia pembeni: wewe ulikuwa nayo MGB, mbona kimya? Nimemwahidi kwamba jibu langu litakuja hapa, kwa sababu haliwezi kuingia kwenye simu.

Kwanza tukubaliane neno. Mwalimu wetu mmoja ameniambia kwamba "gari la wazi" haitoshi, kwa sababu kwetu gari la wazi ni lile la rais siku ya gwaride, au pikapu ya mchanga. Akapendekeza "gari funuzi". Nimejaribu kulitamka mbele ya kioo na nimeshindwa. Kwa hiyo humu nitasema gari la wazi, na wataalamu wa istilahi wanisamehe. Ni kweli pia kwamba ni kitu cha ajabu kwetu sisi tuliozaliwa pwani. Mombasa mtu akifunua paa la gari saa sita mchana mwezi wa Februari watu watamuuliza kama amepimwa malaria. Hapa Uingereza, kwenye mvua na baridi, ndiko wanakoyapenda. Mwanzoni nilicheka. Halafu ikafika Aprili yangu ya kwanza hapa, jua likatoka siku mbili mfululizo baada ya miezi mitano ya giza, nikaelewa. Wenyeji wa hapa hawalichukulii jua kama kitu cha kawaida, na ukikaa nao muda mrefu na wewe unakuwa hivyohivyo.

Sasa niseme kwa haki habari za MGB, maana wanaoisifu hawadanganyi. Ilitengenezwa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 hadi 1980, na kwa jumla, pamoja na zile za paa la bati zinazoitwa GT, zilitoka zaidi ya nusu milioni. Ndiyo maana hata leo kupata spea si taabu kabisa. Unaagiza pampu ya maji leo, keshokutwa iko mlangoni. Hata bodi nzima mpya unaweza kununua, imekandamizwa kwa vyuma vilevile vya zamani. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1,798, ina kabureta mbili, na ukifungua boneti unaona kila kitu na unaona ardhi chini yake. Hakuna kompyuta. Mtu mwenye spana tano, plagi mpya na subira anaweza kuifanyia kazi nyingi mwenyewe kando ya barabara.

Na pesa pia inasema vizuri. Gari lililotimiza miaka 40 halilipi kodi ya barabara hapa, halilazimiki kwenda kwenye ukaguzi wa MOT wa kila mwaka kama halijabadilishwa sana, na likiwa limesajiliwa kama gari la kihistoria halidaiwi ile pauni 12.50 ya kila siku ya kuingiza gari chafu London. Bei yake haishuki kama ya magari mengine. Mimi nilinunua yangu kwa pauni 6,500, nikaitumia miaka miwili, nikaiuza kwa 6,000. Mwenzangu aliyenunua gari dogo jipya kwa mkopo wakati uleule hataki kuzungumza habari hizo.

Lakini si pesa iliyonifanya niipende. Niliinunua majira ya kuchipua ya 2022, rangi nyekundu iliyofifia, ya mwaka 1971. Nilikuwa nimehamia Leeds mwaka mmoja kabla, baada ya shahada ya pili Leicester, na sikuwa na mtu hapa. Tulikuwa tunatoka kwenye yale mambo ya korona, watu wamezoea kukaa mbalimbali. Siku ya kwanza nilipotia petroli, wazee wawili walikuja kunisalimia. Mmoja alikuwa na kama hii alipooa. Mwingine alinieleza habari za baba yake hadi foleni nyuma yetu ikaanza kupiga honi. Kwa mtu mweusi kijana katika mji usio wake, ndugu zangu, kusalimiwa na watu usiowajua, kwa furaha, bila kuulizwa unatoka wapi hasa, ni kitu kikubwa. Ninyi mnaojua mnajua. Gari lile liliniletea watu wengi kuliko hafla zote za kuwakaribisha wageni chuoni.

Liliniletea pia Anko, ingawa Anko nilikuwa naye tangu zamani.

Nilipofika Leicester mwaka 2019 nilipanga chumba kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Jinja. Alikuja Uingereza 1972, wakati Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Mji wa Leicester wakati ule ulilipa tangazo katika gazeti la Uganda kuwaambia wasije huku, kumejaa. Anko alikuwa akilisimulia tangazo lile kwa kicheko, kwamba bila hilo wala asingejua kuna mji unaoitwa Leicester. Jinja alikuwa fundi gereji, na Kiswahili chake kilikuwa cha gereji: kifupi, kisicho na ngeli, kimejaa spana na plagi, na kitamu. Siku aliyogundua kwamba mpangaji wake ni Mswahili alikaa jikoni hadi saa sita usiku. Alikuwa hajakizungumza na mtu wa nje ya ukoo wake kwa miaka mingi. Alikuwa akinikumbusha kila mara kwamba "gari" ni neno lao, limetoka India. Na siku nilipomlalamikia gharama za bima akaniambia hata "bima" ni yao. "Sisi iko leta gari, sisi iko leta bima," akasema. "Veve iko lipa tu." Walimu wetu wa isimu watathibitisha kwamba kwa maneno yote mawili alikuwa sahihi.

Nilipomwonyesha MGB alizunguka mara mbili bila kusema neno. Kisha akaomba jeki. Akainua gari upande mmoja, akajaribu kufungua mlango. Ulifunguka bila kukwama. Akaniambia hiyo ndiyo ningeifanya kabla ya kutoa pesa: gari la namna hii halina chasisi ya peke yake, nguvu yake iko kwenye zile boksi za chuma zilizo chini ya milango, na zikiliwa na kutu, ukiinua gari linajikunja na mlango unabana. Nilikuwa nimebahatika kwa ujinga. Tangu siku hiyo, kila mwezi mara moja nilikuwa nashuka Leicester Jumamosi, na tunalifungua gari pamoja. Alinifundisha kusawazisha kabureta mbili kwa kipande cha mpira wa maji: unaweka ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza mvumo wa hewa, unahamia ya pili, unazungusha skrubu hadi sauti mbili ziwe moja. Mkewe alikuwa akituletea chai na kachori, akisema watoto wawili wamepata mwanasesere.

Mwezi wa Septemba 2023 Anko alifungua kifuniko cha distribyuta, akaangalia ndani, akaniambia nibadilishe kondensa. Ni kitu kidogo kama kifundo cha kidole, bei yake pauni chache. Alisema zinazouzwa siku hizi nyingi ni dhaifu, zinakufa zikipata joto, afadhali niondoe mambo yote yale niweke mfumo wa elektroniki, ambao ungenigharimu kama pauni 80. Nikasema sawa, Anko. Wiki iliyofuata nilikuwa na pauni 120, nikanunua mazulia mapya mekundu ya ndani ya gari. Yalipendeza sana.

Anko alifariki mwezi wa Novemba, usiku, ghafla. Mwanawe alinipigia simu saa tano usiku. Maziko kesho, baada ya sala ya adhuhuri. Nyinyi mnajua Waislamu hawachelewi kuzika. Niliondoka Leeds saa mbili asubuhi, paa limefungwa, mvua nyembamba, M1 kuelekea kusini. Ni kama maili 100. Nilikuwa na muda wa kutosha na ziada.

Baada ya kupita Chesterfield injini ilianza kukohoa. Nikapunguza mwendo. Ikatulia kidogo, ikakohoa tena, kisha ikazima kabisa nikiwa kwenye mstari wa katikati kati ya malori, nikabahatika kujisukuma hadi pembeni kwa kasi iliyobaki. Nilingoja dakika ishirini. Ikawaka. Nikaenda maili tatu, ikazima. Wanaojua magari wameshaelewa: kondensa, ikipoa inafanya kazi, ikipata moto inakufa. Niliweza kuingia kituo cha Tibshelf, na hapo gari likakataa moja kwa moja. Sikuwa na kondensa ya akiba. Gari la kuvuta lilifika baada ya saa mbili na nusu. Teksi niliyoiulizia ilitaka pesa ambazo sikuwa nazo, na hata ningekuwa nazo wakati ule ilikuwa imeshapita adhuhuri.

Sikumzika Anko. Nilifika siku ya pili, kwa treni, nikakaa na watu, nikala chakula cha matanga, na hakuna aliyenilaumu. Mkewe alinishika mkono akaniuliza gari limefanya nini. Nikamwambia kondensa. Akatikisa kichwa kama mtu anayelijua neno lile, na nadhani alilijua, maana alikuwa ameolewa na fundi miaka arobaini na kitu.

Ninataka nieleweke hapa, kwa sababu kwenye kundi kuna watu watakaosema nalisingizia gari. Silisingizii. Gari halikuwa na kosa, waliolitengeneza hawakuwa na kosa, na fundi aliyeniambia ukweli ndiye niliyekuwa nakwenda kumzika. Kosa lilikuwa langu. Lakini angalia kosa lenyewe lilivyo. Kwa gari la kisasa lililotumika, mtu mvivu kidogo, mwenye masomo mengi, anayeahirisha mambo ya pauni 80, hupita salama miaka mingi. Kwa gari la miaka hamsini, mtu huyohuyo anaachwa Tibshelf. Gari la zamani halimdai mwenyewe pesa nyingi, ila linamdai awe mtu wa namna fulani kila wiki, hata wiki ya mtihani, hata wiki ya kuwasilisha sura ya tatu. Mimi si mtu huyo bado. Na nikitazama ratiba za watu wa klabu hii, wengi wenu si watu hao pia, samahani.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenzetu ni MX-5. Na nitaeleza kwa nini si Yaris.

Wengi hawajui kwamba MX-5 ni mtoto wa magari kama MGB. Mwandishi wa habari za magari Mmarekani, Bob Hall, aliyependa magari madogo ya wazi ya Kiingereza, ndiye aliyewaambia wakubwa wa Mazda mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba watengeneze gari la namna hiyo, kwa sababu Waingereza walikuwa wanaacha. Wajapani waliikaa ile hoja miaka kadhaa, wakachukua wazo lote, injini mbele, magurudumu ya nyuma yanayosukuma, viti viwili, uzito mdogo, wakalionyesha gari Chicago mwaka 1989. Kitu walichoongeza ni kwamba liwake kila asubuhi na lisivuje. Kufikia 2016 walikuwa wameshatengeneza milioni moja. Kwa hiyo anayesema kwamba ukichukua MX-5 umeacha roho ukachukua chuma, hajui ukoo wa gari lenyewe. Unakaa chini vilevile, gia fupi vilevile, upepo uleule, na barabara ya Harrogate kwenda Skipton haijui umekuja na nini.

Tofauti iko kwenye mambo yasiyopigwa picha. MX-5 ya 2009 ina breki za ABS na mifuko ya hewa. MGB ina mikanda, ikiwa mtu hajaikata, na usukani ulio mbele ya kifua chako. Mbele ya malori ya M1, siku ya mvua, mimi nimekaa ndani ya zote mbili na najua ipi ilinifanya nisome dua. MX-5 inakunywa petroli yoyote ya kawaida. MGB inataka uangalifu, maana tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, inayokula mipira na mabomba ya zamani, hivyo itabidi ununue ile ya bei ya juu ya E5. Heta ya MX-5 inafanya kazi. Sitaandika zaidi kuhusu heta ya MGB.

Nisiifanye malaika. MX-5 ya umri ule inaliwa na kutu, hasa sehemu ya chini ya mlango na kingo za matao ya magurudumu ya nyuma. Sababu moja ni kwamba maji ya mvua kutoka kwenye paa hupita kwenye vijitundu nyuma ya viti, na vikiziba kwa majani na uchafu maji hukaa ndani na kuozesha chuma. Mwuzaji akikuambia gari halijaona tatizo, mwulize mara ya mwisho alivizibua vile vitundu lini. Akikutazama tu, umepata jibu. Kodi yake ya barabara, kwa ile yenye injini ya lita mbili, ni mamia ya pauni kwa mwaka, na hapo MGB inakucheka waziwazi. Thamani yake pia haitapanda haraka. Buti linabeba mabegi mawili ya wastani. Ukitaka kumpokea mama uwanja wa ndege na masanduku yake matatu ya samli na mchele, azima gari la mtu.

Hapo ndipo watu wa Yaris wanaposhangilia. Mimi siwapingi kwa hesabu, hesabu ni yao. Lakini mwenzetu hakuuliza gari gani ni rahisi kuliko yote. Amekaa hapa mwaka mmoja, amefanya kazi, ametuma nyumbani kila mwezi (najua, kwa sababu tunatumia duka lilelile la kutuma pesa), na sasa anataka kitu kimoja cha kumfurahisha. Tumezoea, sisi tuliotoka nyumbani na matumaini ya watu mgongoni, kudhani kwamba kila pauni tunayojifurahisha nayo tumeiiba kwa mtu. Nimeona wenzetu wamekaa huku miaka sita, hawajawahi kwenda hata baharini Whitby, na wamerudi na shahada na uso uliokunjamana. Gari la wazi la pauni 3,500 halitamwangusha mama yake mtu. Na kati ya pauni 6,000 zitabaki 2,500 za bima, tairi na dharura, wakati MGB ingezimeza zote kabla ya kuanza safari.

Na bima ndiyo itakayoamua, hata kama mtanipuuza kwa mengine yote. Mgeni ajue hivi: leseni ya Kenya au ya Tanzania inakuruhusu kuendesha hapa miezi 12 tangu uanze kuishi, kisha unaanza upya, nadharia na vitendo, kama mtoto wa miaka 17, hata kama ulikuwa unaendesha matatu Likoni. Ukishapata leseni mpya, kampuni za bima zinakuhesabu mgeni wa barabara. Bima maalumu ya magari ya kale ni nafuu, ni kweli, lakini mara nyingi wanataka uwe umepita miaka 25, uwe na gari jingine la kila siku, gari lilale gereji, na usizidi maili fulani kwa mwaka. Mwenzetu anakaa Hyde Park kwenye chumba cha juu, gari litalala mtaani mbele ya baa. Apige simu ya bima kwanza kabla ya kwenda Harrogate, asije akapenda kitu asichoweza kukiendesha.

Kuna mmoja kwenye kundi aliyesema anunue MGB ili aende nayo nyumbani, aitembeze Mombasa, kwa sababu usukani uko upande uleule wa kulia. Wazo zuri, nami nililiota. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka minane. Hata MX-5 hiyo haitakwenda. Yoyote atakayonunua, ataiacha hapa siku ya kurudi, na ajue hivyo tangu sasa ili asianze kuiita kwa jina.

Mimi yangu niliiuza Aprili 2024, kwa bwana mmoja mstaafu wa Ilkley, mwenye gereji kavu yenye joto na spana zilizopangwa kwa saizi ukutani. Nilikuwa nimeshaweka ule mfumo wa elektroniki. Niliuweka wiki moja baada ya matanga, kwa mikono yangu, kwenye maegesho, baridi inauma, na lilikuwa likiwaka kwa mguso mmoja tangu hapo. Bwana yule aliniuliza kwa nini nauza gari linalokwenda vizuri hivi. Nilimwambia naishi mbali na watu wangu. Sidhani alielewa, lakini hakuuliza tena. Alisifu mazulia.

Ile MX-5 niliyonunua baadaye, ya 2008, pauni 3,400, imenipeleka Leicester kila mwezi tangu siku hiyo. Mke wa Anko haipendi, anasema haina sura. Lakini sasa yeye ndiye anayekaa kiti cha pili tunapokwenda makaburini, na siku ya jua anataka paa lifunuliwe, mtandio ameufunga chini ya kidevu, na anapunga mkono kwa watu wa Melton Road anaowajua na asiowajua.

Kwa mwenzetu: usimpigie yule mzee wa Harrogate kumwambia unakuja kununua. Mpigie umwambie unataka kuja kuiona tu, unywe chai. Atafurahi, na utajifunza. Ya Bradford twende pamoja Jumamosi hii, baada ya mazoezi ya taarabu. Njoo na tochi, nguo mbaya za kulalia chini ya gari, na sumaku ndogo ya friji tuipitishe kwenye matao ya nyuma tuone kama ni chuma au ni pati iliyopakwa rangi. Jeki ninayo.